Tumbo la Mashine

Mashine ya kwanza ilifanya kazi dakika saba, ikapiga kelele kama sufuria inayoburutwa sakafuni, ikanyamaza. Hiyo ilikuwa Jumanne saa tatu asubuhi, mbele ya wageni waalikwa na kamera nne. Jumatano, saa nne kasoro dakika kumi, Tochi alikuwa akipanda ngazi za wodi ya wazazi, na kwenye mfuko wa shati lake ilikuwemo leseni ya fundi aliyeiwasha.

Wenzake wa bodi ya leseni walimbandika jina hilo kwa sababu hata jua likiwa la utosi alitembea na tochi mfukoni. Hakuwahi kulikataa. Kabla ya kuwa mpelelezi alikuwa fundi wa majokofu kwa miaka kumi na minane, na huko alijifunza kwamba mashine haina sababu ya kudanganya. Watu ndio wenye sababu. Kwa hiyo kila kesi aliianza na mashine, halafu ndipo akawageukia watu, na mpangilio huo haukuwa umemtupa hata siku moja.

Mkurugenzi wa hospitali alimpokea kwenye korido, barua ya kufuta leseni mkononi, imeshachapwa. Alieleza harakaharaka. Hospitali ilikuwa imeachana na boila ya kuni na kuweka pampu mbili za joto, mashine zinazonyonya joto kutoka hewani na kulihamishia kwenye maji, yaani friji iliyogeuzwa kazi. Akina mama waliojifungua wangepata maji ya moto saa zote. Sasa moja imekufa siku ya kuzinduliwa. Mtaalamu wa kiwanda alisikilizishwa sauti ile kwa simu, akasema haraka kwamba mafuta ya ndani yalikuwa ya baridi. Fundi naye alikuwa ameandika kwenye fomu kwamba kipasha-mafuta kilikuwa kimewashwa tangu Jumatatu saa nane mchana.

"Kwa hiyo ameandika uongo," alisema Mkurugenzi. "Na hata fomu yenyewe hakuimaliza, kuna kisanduku kakiacha kitupu. Mimi sitaki kumwonea mtu, ila huyu dada amenipaka matope mbele ya watu. Inasubiriwa saini yako tu. Saa nane nina kikao."

Tochi aliisoma barua. Bodi ilikuwa na msamaha kwa makosa mengi, lakini uongo kwenye fomu ya uwashaji haukuwa mojawapo. Leseni hufutwa na hairudi. Akaikunja barua, akaitia mfuko mmoja na leseni.

"Saa nane utakuwa nayo," alisema, "imesainiwa au haijasainiwa."

Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa mwisho wa korido, umepigwa lakiri ya karatasi yenye muhuri wa hospitali tangu Jumanne saa tatu na nusu. Ukutani nje ya mlango kulikuwa na safu ya swichi: taa za korido, feni za chumba cha kufulia, pasi, na mwisho kabisa swichi kuu mpya ya pampu za joto. Hii nayo ilikuwa imepigwa lakiri, ikiwa imewashwa. Chini ya kila swichi palibandikwa kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono, herufi kubwa zilizonyooka: ZIMA UKITOKA. Vyote vilikuwa vimegeuka rangi ya chai isipokuwa cha mwisho, ambacho bado kilikuwa cheupe. Tochi alivimulika kimoja kimoja, akaangalia saa yake, akakata lakiri ya mlango.

Ndani palikuwa safi. Mashine mbili zilisimama bega kwa bega, kila moja urefu wa kabati, na kila moja imezungushiwa utepe mwekundu mpana kama zawadi. Fundo la utepe lilikaa juu ya kifuniko cha chini, pale penye skrubu nne. Tochi alichuchumaa, akalichunguza fundo la mashine iliyokufa kwa muda mrefu kuliko Mkurugenzi alivyoona inafaa. Halikuwa limeguswa. Skrubu nazo zilikuwa na rangi ya kiwandani bila mkwaruzo wa bisibisi zaidi ya ule wa siku ya kufungwa, uliokuwa chini ya utepe.

"Utepe ulifungwa lini?"

"Jumatatu saa kumi jioni," alisema Mkurugenzi. "Nilifunga mwenyewe." Alilisema hilo kwa fahari kidogo.

Tochi hakuwa mtu wa kuhukumu kwa sauti ya kwenye simu. Alianza na maji. Alifunga vali mbili, akafungua chujio, akalitoa na kuligeuza kwenye kiganja. Uchafu wa mabomba mapya huua mashine nyingi, lakini chujio lile lilikuwa safi kiasi cha kunywea. Mtu alikuwa amesafisha mabomba vizuri kabla ya kujaza maji, na hewa yote ilikuwa imetolewa. Akahamia kwenye umeme. Nyaya tatu zikipishana, kompresa inayosukuma gesi huzunguka kinyumenyume na kujimaliza yenyewe. Kipimo chake kilisema zimepangwa sawa. Akaangalia vali za gesi: zimefunguliwa hadi mwisho. Aliyeifunga mashine hii hakuwa mbabaishaji, na Tochi alifurahi, maana kazi nzuri humfurahisha hata ikiwa ya mtuhumiwa.

Mwishoni alisimama mbele ya paneli, kioo kidogo chenye namba za kijani. Saa yake ya mkononi ilisema saa nne na dakika tano asubuhi. Saa ya paneli ilionyesha saa nne na dakika ishirini na tano usiku, Jumanne.

"Unaona?" Mkurugenzi alidakia. "Hata kuweka saa hajui. Kachanganya mchana na usiku."

Tochi alihesabu kwa vidole mara mbili, akaandika namba moja kwenye daftari na kuizungushia duara. Kisha akaomba aitiwe fundi.

Fundi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya chumba cha kufulia, ovaroli imefuliwa na kupigwa pasi kana kwamba anakwenda kwenye usaili. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu, ila sauti haikutetemeka. Alieleza kwamba Jumatatu saa nane mchana aliwasha swichi kuu ili vipasha-mafuta vianze kazi, akaweka saa ya paneli akifuata simu yake, saa nane na dakika tatu. Aliandika kwenye fomu palepale. Saa kumi aliondoka, na Mkurugenzi akamwahidi kuwa wafanyakazi wote wataambiwa wasiguse kitu.

"Swichi uliifungia kufuli?"

"Sikuwa na kufuli. Nilipaswa kuwa nalo."

Tochi alilipenda jibu hilo, ila hakuonyesha. Alimwuliza kwa nini mafuta hupashwa, si kwamba hajui, alitaka kusikia anavyojua. Fundi alisema mashine ikikaa baridi, gesi huingia kwenye mafuta na kujificha humo. Ukiiwasha ghafla gesi inachemka, mafuta yanaumuka kama povu la sabuni na kutoroka yote, na chuma kinabaki kinasagana na chuma. Ndiyo maana hupashwa muda wa saa kumi na nane kabla ya kuwashwa. Tochi alitikisa kichwa kukubali. Kuhusu kile kisanduku kitupu hakumwuliza kitu.

Alikuwa hajafunga daftari pale mzee mmoja aliyevaa koti la khaki alipojipenyeza katikati yao. Alikuwa mtunza boila, aliyelisha kuni lile tanuri la zamani miaka ishirini na mitano, na kazi yake ilikuwa iishe siku pampu za joto zitakapoanza. Watu wa jikoni walishamnong'oneza Tochi habari zake pale ngazini, bila kuombwa.

"Ni mimi," mzee alisema. "Mwacheni huyu binti. Mashine niliiharibu mimi."

"Mjomba," Fundi alisema, "rudi nyumbani."

Tochi aligeuza ukurasa. Kwa hiyo mtunza boila alikuwa kaka wa mama yake. Hilo watu wa jikoni hawakulitaja. Alimwuliza mzee aliiharibu vipi, na mzee akaeleza vizuri tu, kama mtu aliyefanya mazoezi njiani: Jumatatu jioni, baada ya watu wote kuondoka, aliingia chumbani, akafungua kifuniko cha chini, akachomoa waya wa kile kitu cha kupasha mafuta, na asubuhi akaurudisha. Hasira za kufukuzwa kazi, alisema. Roho mbaya tu.

"Kifuniko ulikifungua kwa kitu gani?"

"Kwa bisibisi."

"Na utepe?"

Mzee alimtazama mpwa wake. "Utepe upi?"

Mkurugenzi alikuwa ameshafungua mdomo aite walinzi. Tochi aliinua kidole kimoja, akamshika mzee kiwiko na kumweka kwenye ile ndoo. Alimwambia, kwa upole uliomshangaza hata yeye mwenyewe, kwamba anafaa kuwa mjomba ila hafai kuwa mhalifu. Fundo lililofungwa Jumatatu saa kumi jioni lilikuwa halijafunguliwa mpaka sasa, na hakuna mkono uliopita chini yake. Mzee alijifuta uso kwa kofia. Alikiri kwamba alipenda boila yake, ndiyo, lakini mpwa wake ndiye aliyemfundisha kusoma geji za mashine mpya, jioni tatu mfululizo, ili hospitali isipate sababu ya kumwacha. Alisema mpwa wake akipoteza leseni amekwisha, lakini yeye mwenyewe ameshakula chumvi yake.

Tochi aliwaita wote watatu wamfuate mbele ya paneli.

"Mtu aliyechanganya mchana na usiku," alimwambia Mkurugenzi, "hukosea saa kumi na mbili kamili. Saa hii imechelewa saa kumi na moja na dakika arobaini. Zile dakika ishirini zinazopungua ndizo zilizonishtua."

Alitoka koridoni, akakata lakiri ya swichi kuu, akaizima. Kioo cha kijani kilizimika. Alihesabu dakika moja kwenye saa yake, akaiwasha tena. Namba za kijani zilirudi palepale zilipokuwa zimeachia. Sasa saa ilikuwa imechelewa saa kumi na moja na dakika arobaini na moja.

Kwa hiyo saa ya paneli haikuwa na betri. Umeme ukikatika husimama, ukirudi huendelea. Fundi aliiweka sawasawa Jumatatu mchana; baada ya hapo kuna mtu aliikatia umeme kwa saa kumi na moja na dakika arobaini, kisha akaurudisha. Hitilafu ya mji mzima haikuwa, maana kwenye daftari la friji ya chanjo, lililoletwa kutoka jengo hilohilo, joto liliandikwa kila baada ya saa mbili usiku ule bila kupanda. Na baada ya Jumanne saa tatu na nusu swichi ilikuwa na lakiri. Umeme ulikatwa usiku wa Jumatatu, na ulikatwa kutoka koridoni, bila mtu kuhitaji kuingia chumbani.

Tochi aliomba daftari la mahudhurio. Alipitisha kidole chini ya majina taratibu. Wauguzi walipokezana saa moja kwa saa moja. Mtunza boila alitoka saa kumi jioni na kurudi saa kumi na mbili asubuhi. Mlinzi hakutoka kabisa. Mtu mmoja tu alisaini kutoka Jumatatu saa moja na dakika tano jioni, akasaini kuingia Jumanne saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Dakika tano za kutembea kutoka swichi hadi getini, dakika tano za kurudi. Herufi zake zilikuwa kubwa na zimenyooka.

Mwenye jina hilo, Matroni wa wodi ya wazazi, aliitwa, akaja akiwa anakausha mikono. Alikuwa mama wa makamo, kofia yake haijapinda hata kidogo, na wodi nzima ilijua kwamba hana dogo. Tochi alimwuliza jambo moja tu: jioni, kabla ya kwenda nyumbani, hufanya nini?

"Nazima swichi zote za korido hii," alisema. "Kila siku, miaka kumi na tisa. Pasi iliwahi kuachwa ikaunguza stoo ya mashuka, watoto wachanga walitolewa kwa madirisha. Tangu siku hiyo hakuna kinachobaki kinawaka kama hakina kazi. Asubuhi naviwasha."

"Na hii ya mwisho?"

"Niliibandikia karatasi Jumatatu. Mashine haikuwa ikinguruma, nikajua haina…" Aliishia hapo. Alimtazama Fundi, akaitazama mashine yenye utepe, na damu ikamshuka usoni. "Ilikuwa na kazi?"

"Ilikuwa inapasha mafuta, mama," Fundi alisema. "Kimyakimya. Huwezi kusikia."

Matroni alimwuliza Mkurugenzi, bila kupaza sauti, kama wafanyakazi waliwahi kuambiwa wasiguse. Mkurugenzi alisema alikuwa na mambo mengi, wageni, kamera, hotuba. Matroni alimpa mgongo. Alimsogelea Fundi, akamshika mikono yote miwili, akamwomba radhi mbele ya watu, na alionekana ana aibu kweli. Fundi alisema yameisha, ila alikuwa bado hajapumua vizuri, kwa sababu Tochi alikuwa hajatoa kitu chochote mfukoni.

"Mashine ya pili," Tochi alisema. "Imepata umeme tangu Jumanne saa kumi na mbili na dakika arobaini, isipokuwa ile dakika yangu moja. Ni zaidi ya saa ishirini na saba. Fundi, iwashe. Mimi sipo."

Alijiegemeza ukutani. Fundi alipiga moyo konde, akaanza kama alivyoanza Tochi, kwenye maji. Alisoma shinikizo, akafungua vali ya juu kutoa hewa mpaka maji yakatoka bila kukohoa, akawasha pampu ya maji peke yake na kusubiri mtiririko utulie. Akapima nyaya. Akakagua vali za gesi kwa mkono, moja baada ya nyingine, huku akitaja kwa sauti anachokiona. Kisha akafika kwenye kifuniko cha chini, akasimama mbele ya utepe.

"Mkurugenzi," alisema, "naomba huu ukatwe."

Mkurugenzi alikata utepe kwa mara ya pili wiki ile, baada ya ule wa mlangoni siku ya uzinduzi, safari hii bila wapiga picha. Fundi alifungua skrubu nne, akapiga magoti, akaingiza mkono wake mtupu na kuulaza kwenye tumbo la mashine. Aliuacha pale kwa muda.

"La moto," alisema. Matroni, ambaye maisha yake yote alikuwa akilaza mkono kwenye matumbo, aliinama akahakikisha mwenyewe.

Mashine ya pili iliwaka saa tano na dakika kumi na mbili. Ilinguruma chini kwa chini na ikabaki hivyo. Dakika saba zilipofika wote walikuwa wakiitazama paneli. Zilipopita, mjomba aliketi tena kwenye ndoo na kucheka peke yake. Fundi aliandika namba kila baada ya dakika tano: umeme unaovutwa, shinikizo la gesi, joto la maji yanayoingia na yanayotoka. Ilipotimu saa saba mchana, muuguzi alichungulia kuuliza kama ni kweli kwamba bomba la bafu la wazazi linatoa maji ya moto, maana kuna mama ameshaingia na hataki kutoka.

Mkurugenzi aliingiwa na uchangamfu. Alimvuta Tochi pembeni, ila si mbali vya kutosha, akasema kumbe mambo ni madogo. Hakuna uongo, hakuna hujuma, mashine moja inaweza kudaiwa kwa kiwanda. Kilichobaki ni kile kisanduku kitupu kwenye fomu ya kwanza. Akaichukua fomu, akaifungua juu ya paneli, akaweka kalamu yake nzuri pembeni.

Tochi alikijua kisanduku hicho kwa moyo. Kiliandikwa: *Tumbo la mashine limeshikwa kwa mkono kabla ya kuwasha na ni la moto.* Kikibaki kitupu, mtu yeyote wa bodi angeuliza kwa nini, na jibu lingekuwa utepe, na utepe ulikuwa na mwenyewe.

"Andika *Ndiyo* tu hapo, dada yangu, tuifunge hii kitu kiungwana," alisema Mkurugenzi. "Kwako haina madhara, na kwangu haina madhara. Bwana mpelelezi haoni neno."

Tochi angeweza kumkatisha. Hakumkatisha. Aliangalia dari, mkono wa kushoto umeufunika mfuko wa shati. Humo mlikuwa na leseni na barua, vimelaliana, na kimoja kilikuwa kitoke.

Fundi aliichukua kalamu. Alimtazama mjomba wake, ambaye naye alikuwa ameacha kucheka. Akainama, akaandika polepole, mstari ambao haukutosha kwenye kisanduku ukamwagikia pembeni ya ukurasa. Mkurugenzi alisoma akiwa wima, tabasamu likamwisha.

*Hapana. Utepe ulikuwa juu ya skrubu. Niliomba ukatwe mara moja, nikaambiwa wageni wanasubiri. Sikuomba mara ya pili, nikawasha.*

Alitia saini, akaandika tarehe ya leo, siyo ya jana, akaweka kalamu chini. "Hili la mwisho ni langu," alisema. "Si la Matroni wala la mtu mwingine."

Tochi aliisoma fomu kwa tochi, ingawa chumba kilikuwa na mwanga wa kutosha. Kisha akaingiza vidole viwili mfukoni, akatoa barua, akamrudishia Mkurugenzi ikiwa haina saini. Ilikuwa saa nane kasoro robo. Leseni alimpa Fundi mkononi, pamoja na kufuli dogo la shaba alilokuwa amelitumia miaka kumi na minane kufungia swichi za watu.

Walipotoka koridoni walimkuta Matroni amesimama kwenye kiti. Alikuwa amebandua kile kikaratasi cheupe, na sasa alikuwa akibandika kingine, kwa herufi zilezile kubwa zilizonyooka: USIZIME. ULIZA KWANZA.